Weusi wa Meno ya Mama

Mjini Bukoba kuna mtu anasifiwa kwa kung'oa meno haraka, na kila akisifiwa mbele yangu damu inanichemka. "Hukai," wanasema. "Unaingia, unatoka, umemaliza." Wanalisema kwa furaha ya mtu aliyepata kinyozi asiye na foleni. Ukiwauliza amesomea wapi, wanakukunjia uso kana kwamba umemtukana mzazi wao. Watu hawa hawa wakienda kununua ng'ombe humshika taya, wakamfungua mdomo na kuyakagua meno kabla hawajataja bei. Vinywa vyao wenyewe wanamwachia yeyote mwenye koti jeupe na kibao barabarani.

Kazi yangu ni kupima kahawa. Naishi Buhembe, na asubuhi nateremka mjini kwenye ghala la mnunuzi mmoja kuyasubiri magunia. Mkulima akileta kahawa yake, sitazami rangi nikaridhika. Nachukua punje, naiweka kwenye gego, naiuma. Ikibonyea bado ina maji, irudi juani. Ikipasuka imekauka, ipite. Wakulima hunichukia kwa hilo, nami sijali. Sina uvumilivu na mtu anayehukumu kitu kwa kukiangalia tu, hasa akiwa amelipwa kukigusa.

Mama yangu anaishi Kamachumu, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na baba. Kwa asiyetoka kwetu lazima nieleze kwanza habari ya akamwani, maana bila hiyo mengine hayatamwingia. Akamwani ni kahawa ya kutafuna. Huchumwa kabla haijawa nyekundu, ikachemshwa pamoja na majani yenye harufu, kisha ikaanikwa na ganda lake mpaka ikawa nyeusi na ngumu. Kila nyumba inayojiheshimu inayo ndani ya kikapu kidogo chenye kifuniko. Mgeni akishaketi, kikapu kinatoka. Nyumbani kwetu mwenye nyumba ndiye hutangulia: anachukua punje, anaipasua kwa meno mbele ya mgeni, halafu anampa kikapu. Baba alipokuwa hai alitangulia yeye. Alipofariki, kikapu kilihamia mapajani kwa mama, na tangu hapo hakuna aliyeingia sebuleni kwake bila kusikia ule mlio kwanza. Kabla hajaipasua punje, hujakaribishwa, hata kama umeshakunywa chai.

Meno ya mama yalikuwa meusi. Nalisema waziwazi kwa sababu ndugu zangu walikuwa wakilisema kwa kunong'ona, kana kwamba ni ugonjwa wa aibu. Kwenye mifereji ya magego kulikuwa na mistari myeusi, na ya mbele yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Lakini yalikuwa imara. Alikata nyuzi za magunia kwayo. Alitafuna miwa na jirani zake wa rika lake wakimtazama kwa wivu.

Tatizo lilianza na gego moja la chini lililomuuma kweli. Ilikuwa wakati wa msimu, mimi niko ghalani tangu asubuhi hadi jioni, na mama, badala ya kunisubiri, alimpigia simu kaka yangu mkubwa aliyeko Dar es Salaam. Kaka ni mtu wa kutatua mambo kwa simu. Hakuuliza mtu. Alisoma darasa moja na yule mng'oaji wa haraka, na kwake hiyo ilikuwa sifa tosha. "Ni mtu wetu," alimwambia mama. Kwa watu wa aina ya kaka, mtu wetu ni cheti. Mwenzako uliyekaa naye dawati moja ukimnakilia hesabu, leo unampa mdomo wa mama yako.

Mtu wetu aling'oa lile gego lililouma, sawa. Kisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa wazi na ganzi ingalipo, akawasha mashine akayatoboa mengine mawili ambayo hayakuwa na maumivu yoyote. Aliona weusi, akachimba. Akayaziba kwa kitu cheupe, akampongeza mama kwa uvumilivu wake, akamrudisha Kamachumu. Mama alinisimulia kwa fahari. Alisema dokta alikuwa na bidii.

Mwezi wa senene ulipofika, magego yale mawili yalivunjika. Senene jamani, mdudu wa kukaangwa. Mama alikuwa akila taratibu pembeni ya jiko, akasikia kitu kigumu ulimini, akakitoa, kikawa ni nusu ya jino lake. La pili lilifuata baada ya muda mfupi. Alivihifadhi vipande hivyo kwenye kona ya leso akanionyesha nilipokwenda kumsalimu. Nilivitazama juani. Kuta za nje zilikuwa nzima na nyeupe ndani, ngumu. Katikati kulikuwa na shimo la mviringo, safi, kubwa kuliko jino lenyewe lilivyoweza kubeba. Yule bwana alikuwa amelichimba jino zima lenye afya mpaka likabaki ganda.

Nilimfuata ofisini kwake. Alinipokea vizuri, akaniita dada, akanionyesha kiti.

"Dada, mimi nilisafisha weusi," alisema. "Kahawa inaozesha meno. Wazee wetu hawajui."

"Uliligusa kabla ya kutoboa? Lilikuwa laini?"

"Kuna haja gani ya kugusa kitu unachokiona?"

Niliinuka nikasogea ukutani alikotundika vyeti vyake. Kimoja kilikuwa cha kuhudhuria semina ya huduma ya kwanza. Kingine kilikuwa cha kampuni iliyomuuzia kiti. Nilimwomba leseni yake, akasema iko kwenye kuhuishwa. Nilimwuliza alisomea meno chuo gani, akacheka, akasema uzoefu ni mwalimu. Huyu ni Mhaya mwenzangu. Mama yake alitafuna akamwani mpaka anaingia kaburini, na weusi ule aliuona kila siku akiwa mtoto, kila alipobusiwa. Kama angetoka mbali ningesema hajui. Yeye alijua ni rangi, akachimba, kwa sababu kuchimba kunaonekana ni kazi na kumwambia mtu aende nyumbani hakuonekani ni kazi. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Hakukasirika hata kidogo, na hilo liliniudhi zaidi.

Ningeishia hapo, kama si binti ya kaka kuchumbiwa.

Kaka alipanga wazee wa upande wa kijana waje kujitambulisha Kamachumu, nyumbani kwa mama, kwa heshima ya mila. Hapo sikuwa na neno. Halafu akaniambia kwa simu kwamba kutakuwa na mpiga picha na video, na kwamba mama atarekebishwa kabla.

"Atarekebishwa nini?"

"Meno, mdogo wangu. Hayo meno. Wale ni watu wazito. Rafiki yangu anasema anaweza kuyatoa yote ya juu na yaliyobaki nyuma chini, amwekee ya bandia, meupe, mazuri. Mama naye apendeze."

Nilimwambia kwamba mama hatoi meno mazima kwa ajili ya video. Akasema mimi nina wivu na maendeleo. Nikamwambia maendeleo hayo ayaanzie mdomoni mwake. Tulikata simu bila kuagana, na nikajua lazima nimtafutie mama mtu mwenye ujuzi kabla kaka hajapata likizo. Hicho ndicho nilichokuwa nakigombania, meno yaliyobaki kinywani mwa mama, nami nilikuwa tayari kugombana na ukoo mzima.

Sikuuliza watu nani ni mzuri. Ukiuliza hivyo Bukoba utapewa majina ya wanaong'oa haraka na wenye bei nafuu. Niliuliza kinyume chake. Niliuliza ni daktari gani amewahi kukurudisha nyumbani bila kukugusa. Watu walinijibu kwa hasira, na jina lile lile likajirudia, la mwanamke mmoja wa hospitalini. Mke wa mwinjilisti wa Kilutheri, jirani yangu, alikuwa bado ana kinyongo naye. "Nimekwenda na jino linanisumbua, ananitazama weee, ananipiga picha, halafu ananifundisha kupiga mswaki," alisema. "Kupiga mswaki, mimi. Nina wajukuu." Nikamwuliza jino likoje sasa. Akasema halimsumbui tena, lakini hiyo si hoja. Nikajua nimempata ninayemtafuta.

Nilimleta mama kwa basi la asubuhi. Lazima nikiri daktari huyo hakunipendeza. Alikuwa kijana, mwenye sauti ya chini, mtu wa Nyanda za Juu asiyejua neno la Kihaya, na alikuwa mpole kwa namna inayochosha. Kwanza alimwuliza mama maswali mengi: dawa anazotumia, anakula nini, sukari kiasi gani kwenye chai. Kisha akamwambia asukutue, akakausha meno kwa upepo, akawasha taa, akaingiza kioo kidogo cha mpini na kuanza kugusa jino moja baada ya jingine. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mikono kiunoni nikisubiri akosee. Nilimwuliza leseni kabla hajamaliza. Alinyoosha kidole ukutani bila kuinua macho, na ilikuwepo, haijaisha muda wake.

Alimpiga eksirei mbili ndogo akatuwekea kwenye skrini. Akaniita nisogee.

"Dada, huu weusi kwenye mifereji ni rangi," alisema. "Naugusa, ni mgumu kama meno mengine. Meno yaliyooza ni laini, kifaa kinanasa. Haya sitayatoboa."

"Na hapa?"

"Hapa pembeni limeoza kweli, lakini kidogo. Nitaondoa ile sehemu laini tu."

Hakuwasha mashine. Alichukua kijiko kidogo kuliko cha kupimia dawa ya mtoto, akakwangua polepole, akaacha chote kilichokuwa kigumu, akakandamiza saruji ya meno kwa kidole mpaka ikakaa. Hakumchoma mama hata ganzi. Mama alikuwa amefumba macho akisubiri maumivu, na alipofumbua kazi ilikuwa imekwisha. Halafu daktari akatuonyesha mahali pengine, karibu na fizi ya jino la pembeni juu, ambapo mzizi ulikuwa umeanza kulainika. Alisema kupachimba kungemaliza jino, kwa hiyo atapapaka dawa ya maji inayosimamisha kuoza. Akanionya mapema kwamba dawa hiyo itapageuza pawe peusi tii, na kwamba weusi huo ndio dalili kuwa imefanya kazi.

"Bibi, utakubali pawe peusi?" alimwuliza mama.

Mama alicheka, jambo ambalo sikulitarajia kwenye kiti kile cha kulalia. "Mwanangu, kwani sasa pakoje?"

Ndipo daktari akauliza kwa nini watu wengi wa huku wana rangi ile. Mama hakujibu kwa maneno. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa akamwani aliyokuwa amebeba kwa ajili ya safari, akachagua punje moja, akaipasua kwa gego lake zima la kulia. Kisha akamnyoshea daktari punje nyingine. Yule binti alisita. Alinitazama mimi. Nilimwambia akikataa amekataa kukaribishwa, na kwamba ameshamaliza kazi hana kisingizio. Akavua glavu, akaichukua, akaiuma, akakunja uso mzima kwa uchungu wake, lakini hakuitema.

"Meno yanayopasua hiki kitu hayana haja na mimi," alisema. "Uje baada ya miezi sita niyaangalie tu."

"Kasinge waitu," mama alimwambia, shukrani anayowapa wakubwa wake.

Njia nzima ya kurudi mama alikuwa mwenye furaha, nami nilikuwa na furaha yangu ya kikatili ya mtu aliyeshinda. Nilimpiga picha ndogo akiwa amefungua kinywa nikaituma kwenye kundi letu la familia. Nikaandika kwamba meno ni mazima, yamethibitishwa na mtu aliyesoma, na mjadala umefungwa. Kaka aliipanua ile picha, akaona lile doa jeusi jipya la dawa, akajibu kwa ujumbe wa sauti ili wote wasikie: "Nimesema mama awe na meno meupe, wewe umempeleka akapakwe lami." Shemeji mmoja akaweka vicheko. Nilieleza ile dawa inavyofanya kazi. Hakuna aliyejibu. Ningeeleza kuhusu kuku wanaotaga, wangejibu.

Msimu uliofuata nilipelekwa Karagwe kusimamia upimaji kwenye vituo vya huko. Niliongea na mama kwa simu kama kawaida. Siku moja niligundua maneno yake yamelegea, hasa yenye herufi zinazohitaji meno. Nikamwuliza, akasema ana mafua. Wiki iliyofuata mafua yalikuwepo bado. Nikamwuliza kama kaka yuko huko. Akaniuliza mvua ya Karagwe ikoje.

Nilirudi bila ruhusa ya bosi wangu. Nilimkuta mama ameketi nyuma ya nyumba anamenya ndizi, kanga imefungwa kupita kidevuni kama mtu mwenye baridi. "Wasibota?" nilimsalimu. Aliitikia kwa kichwa. Nikamwomba afungue kinywa, akakataa. Nilichuchumaa mbele yake nikamwomba tena, akaifungua kanga.

Juu hakukuwa na jino. Fizi zilikuwa nyekundu na zimeshikana vibaya. Chini yalikuwa yamebaki ya mbele tu. Gego la kulia alilompasulia daktari akamwani halikuwepo.

Mama alinisimulia polepole, akipumzika. Kaka alikuja likizo na gari la kukodi, akamwambia wanakwenda kuangaliwa tu. Kule ofisini mtu wetu aliwasha taa akaona lile doa la dawa karibu na fizi. Akamwita kaka asogee aone. "Angalieni, yule binti ameacha ubovu umetembea mpaka kwenye mzizi," alisema. "Usipoyatoa haya yote, utaingia kwenye taya." Weusi ule ambao daktari alisema ndio dalili ya kupona, yeye akautumia kama ushahidi wa ugonjwa. Akamaliza kwa awamu mbili. Mama hakukaa, unajua. Aliingia, akatoka.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ni mwanangu wa kwanza," alisema. "Alikuwa ametoka mbali."

Nilikasirika na mama pia, sina haja ya kuficha. Mwanamke aliyefukuza wezi wa kahawa kwa panga anashindwa kumwambia mwanawe hapana. Nilikasirika na tabia yetu yote ya kumwona mtoto wa kiume anayetoka mjini kama serikali. Watu wengine mambo yakiharibika hukaa wakajilaumu. Mimi nilijitafuta kosa nikalikosa, nikaendelea kuwalaumu waliostahili.

Nilimrudisha kwa yule daktari wa hospitalini, nikitumaini kitu, hata sijui nini. Alimtazama mama muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Macho yake yalijaa maji, akajifanya anatafuta glavu. Alisema fizi zitatulia, na akishawekewa meno ya bandia yeye ataweza kuyasawazisha yasimchubue.

"Na akamwani?" nilimwuliza.

"Ndizi na samaki ataweza. Hiyo kahawa, hapana. Itayainua kutoka kwenye fizi."

Niliandika malalamiko ofisi inayohusika, kwa jina langu na sahihi yangu. Niliambiwa yanafuatiliwa. Kibao cha yule bwana bado kipo barabarani, na juzi kimepakwa rangi upya.

Kaka hakuona kosa. Nilimpigia, akaniambia mama atakuja kunishangaa atakapojiona kwenye kioo. Meno ya bandia yalipokuwa tayari yalikuwa meupe mno, yamepangana bila kosa, na yalimfanya mama aonekane amevaa mdomo wa mtu mwingine. Alipokuwa peke yake aliyavua na kuyaweka kwenye kikombe cha maji juu ya kabati, karibu na picha ya Bikira Maria. Kikapu cha akamwani kilikuwa bado kipo mahali pake mezani, lakini vumbi lilianza kukaa juu ya kifuniko.

Siku ya wageni ilifika. Sebule ilifagiliwa, nyasi laini zikatandikwa, viti vikaazimwa parokiani. Kaka alivaa suti ya rangi ya kijivu na viatu vyenye ncha. Wazee wa upande wa kijana waliingia wakiwa watano, watu wa heshima, wawili kati yao wenye meno meusi kama aliyokuwa nayo mama. Nilipoona vile nilitaka kucheka kwa hasira. Hao ndio watu wazito ambao mama aling'olewa meno asiwaaibishe.

Salamu zilikwisha. Mpiga picha alimwomba bibi atabasamu kidogo. Mama aliinua kiganja akakiweka mbele ya mdomo, kama wanawake wa rika lake wafanyavyo siku zote mbele ya kamera, na hakukitoa mpaka kamera ilipogeuziwa kwingine. Yale meno meupe aliyoyataka kaka hayakupigwa picha hata moja.

Kisha sebule ikatulia. Kila mtu mle ndani alijua kinachofuata. Shangazi alileta kikapu, akakifuta, akakiweka mapajani kwa mama, maana ndipo kinapowekwa. Mama akafungua kifuniko. Wale wazee wakakaa sawa kwenye viti vyao. Mama alichukua punje akaizungusha kati ya vidole viwili, akaizungusha tena, na mzee aliyekuwa mbele akainamisha kichwa kidogo kusubiri mlio. Haukuja. Mama aliirudisha punje kikapuni taratibu, akanisukumia kikapu chote.

"Anza wewe, mwana wange," alisema kwa sauti ya chini.

Mwanamke aliyekaribisha watu ndani ya nyumba ile miaka yote tangu baba afariki alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amegeuka mgeni. Nilikishika kikapu. Meno ninayo, na kwa punje ngumu hakuna anayenizidi mle ndani. Nilimtazama kaka. Alikuwa anasawazisha tai, macho yake kwa mpiga picha. Hajatafuna akamwani tangu alipohamia Dar es Salaam, anaogopa rangi.

Niliinuka, nikavuka sebule, nikamwekea kikapu mikononi.

"Kaka aanze," niliwaambia wale wazee kwa Kihaya, wasikie wote. "Yeye meno yake yote anayo."

Hakuweza kukataa mbele yao. Alichagua punje ndogo kuliko zote akaitia mdomoni. Ilipasuka kwa sauti kwenye gego lake, wazee wakaitikia kwa heshima, na mama akageuka kumtazama taya. Aliendelea kumtazama hivyo, midomo yake imefumbwa, mpaka alipomaliza kutafuna.